Kabla ya kununua kishikio cha bafuni, uliza kwanza ukuta

Ndugu yangu, usilipe! Umeandika kwamba baba ametoka hospitali na upande wa kushoto umepooza, nyumba ni ya mbao hapa Goma, na muuzaji wa Birere amekuwekea kishikio cha kubandika kwa vikombe vya mpira, "hakitaki kutoboa". Kama umeshalipa, kirudishe kesho asubuhi.

Mama yangu alishika kitu hicho hicho. Kwetu ukutani kulikuwa na karo, yaani vigae, tena safi. Tulikibandika, tukakivuta, kikakaa, wote tukaridhika. Lakini kile kitu hakishikwi na kitu kingine isipokuwa hewa iliyokamuliwa chini ya mpira. Hewa ikipata pa kupenya, kwenye mstari kati ya karo na karo, au pale sabuni na vumbi letu hili jeusi vimeingia, kinaachia. Hakitoi sauti. Kinaweza kushika asubuhi na kuachia jioni. Mama alikuwa anainuka kwenye kiti cha kuogea, ameegemeza uzito wake wote kwenye mkono mmoja maana mwingine haukuwa na nguvu, na kishikio kikabanduka kikabaki mkononi mwake. Nyonga ikavunjika. Kiwanja tulichokuwa nacho kiliuzwa kulipa hospitali, na mama hajatembea tena peke yake.

Na yule muuzaji alituapia kwamba kinambeba hata mtu wa kilo mia! Kwenye boksi, kwa Kifaransa cha herufi ndogo, imeandikwa wazi kwamba kisibebeshwe uzito wote wa mtu. Kifaransa anakisoma vizuri kuliko sisi. Tulipokirudisha akasema ukuta wetu ndio mbaya. Hasira hii haijanitoka hadi leo, na ninapoona mzazi mwingine anapelekewa kitu kile kile, siwezi kunyamaza.

Kwako wewe ni hatari zaidi, kwa sababu mpira haushiki kabisa kwenye mbao. Wala usikubali fundi akupigilie misumari kwenye ubao wa ukuta, ubao ule ni mwembamba, utang'oka nao. Tafuta nguzo ya nyumba. Kama nguzo haipo pale unapotaka, simamisha mbili mpya na uzimwagie simenti chini. Kama uko juu ya lava ya 2002, ule mwamba wa volkano ya Nyiragongo, kuchimba kutakuwa kazi, lakini mlipe fundi achimbe. Kisha nenda kwa mwenye kuunga vyuma akukatie bomba la galva, yaani chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu, unene wa sentimita 3 hadi 4, ili kiganja kilizunguke chote. Boulti zipite nguzo mpaka upande wa pili na zikazwe juu ya kipande cha chuma kipana. Kati ya bomba na ukuta acha sentimita 4 hivi. Ukiacha zaidi, akiteleza mkono mzima unaingia na kukwama.

Liwe upande wa kulia wa baba anapokaa, maana mkono wa kulia ndio unaoshika. Urefu kutoka chini ni sentimita 70 hadi 80, lakini mkalishe kwanza, aweke mkono pale anapoona nguvu, upige alama kwa chaki.

Halafu, kabla baba hajaligusa, mwanaume mzito kuliko wote hapo nyumbani aning'inie. Avute kwenda chini, avute na kuja kwake. Likitikisika hata kidogo, libomolewe lianzwe upya. Hilo ndilo sharti langu, na sitaki kusikia "linatosha tu kwa mzee mwembamba". Mzee mwembamba anayeanguka anavuta kuliko kijana aliyesimama.

Tuma picha ya ukuta wa bafu, ndani na nje, nguzo zionekane. Nitakuambia mahali pa kutoboa.