Ijue tani kwanza: kwa mnaoanza kupigania mwisho wa makaa ya mawe Australia

Ukisimama ufukwe wa Nobbys hapa Newcastle asubuhi isiyo na ukungu, utaona meli zimepanga foleni baharini. Siku nyingine tano, siku nyingine zaidi ya kumi, zimetia nanga zikisubiri zamu ya kuingia kupakia. Hii ndiyo bandari inayosafirisha makaa ya mawe mengi kuliko nyingine yoyote duniani, na biashara yenyewe ilianza 1799, shehena ya kwanza ilipopelekwa Bengal. Nawaandikia ninyi mnaojiunga na kampeni mwaka huu. Wengi wenu ni vijana, na baadhi mmehamia nchi hii juzijuzi. Mnakuja na moto, nami naufurahia. Lakini mimi pia nilikuja na moto, na mwingi wake uliishia hewani kwa sababu sikujua naongea na nani, wala naongea kuhusu kitu gani hasa.

Mara ya kwanza kupewa nafasi ya kusema hadharani ilikuwa kwenye kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, kuhusu upanuzi wa mgodi mmoja wa bonde la Hunter, bonde linaloleta makaa yake kwenye bandari hii. Nilikuwa na dakika tano. Nilizimaliza zote kwa barafu ya ncha za dunia, moto wa misitu wa kiangazi cha 2019 na 2020, na vizazi vijavyo. Nilipotoka, mama mmoja mwenye shati la kazi la rangi ya machungwa, lenye mistari inayong'aa, alinifuata kwenye meza ya chai. Anaendesha lori la mgodini. Hakufoka. Aliniuliza mambo matatu: kibali cha sasa cha mgodi ule kimebakiza miaka mingapi, unatoa makaa ya umeme au ya chuma, na mume wake mwenye miaka 51 aende wapi mgodi ukifungwa. Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimekuja kupinga kitu nisichokijua, mbele ya mtu anayekishika kila siku kwa mikono yake.

Tangu siku ile, mgeni yeyote anayenijia namwambia aanze na tani moja. Tani moja ya makaa ya umeme ikichomwa hutoa takriban tani 2.4 za hewa ukaa. Watu husikia hivyo wakadhani unatia chumvi: vipi moshi uwe mzito kuliko kilichochomwa? Jibu ni kwamba kaboni yenye uzito wa 12 ikiungua hunasa oksijeni ya hewani yenye uzito wa 32, jumla 44. Makaa si kaboni tupu, ndiyo maana hesabu inashuka hadi hapo. Jifunze kuieleza hesabu hiyo kwa mtoto wa darasa la saba. Kisha kumbuka kwamba nchi hii inauza nje zaidi ya tani milioni 300 kila mwaka, na wanunuzi wakubwa ni Japani, China, India, Korea Kusini na Taiwan.

Sasa, moshi huo unaandikwa kwenye daftari la nani? Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, unaandikwa kwa anayechoma. Australia iliweka kwenye sheria mwaka 2022 kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesi zake kwa asilimia 43 ikilinganishwa na 2005. Serikali ile ile inaweza kuruhusu mgodi upanuliwe na daftari lake libaki karibu safi, kwa sababu tani zile zimepanda meli. Ukiwa kwenye nchi inayochoma makaa, unapigana na bomba la moshi unaloliona. Hapa unapigana na kitu kinachopita mbele ya macho yako kikiwa baridi, kikaenda kuwa moto kwingine.

Makaa yenyewe ni ya aina mbili, na hapa ndipo wageni wengi huumbuliwa. Yako ya kuzalisha umeme, na yako ya kuyeyushia chuma, na katika tani zinazouzwa nje ya umeme ni zaidi kidogo ya nusu. Ya umeme yana mbadala leo: jua, upepo, betri, maji. Ya chuma, mbadala wake unakuja lakini bado ni mchanga. Ukichanganya aina hizi mbele ya mtu wa mgodini, atakumaliza kwa sentensi moja na ukumbi utamwamini yeye.

Hoja utakayoisikia kuliko zote ni hii: tusipouza sisi, watauza wengine. Ilitumika pia katika kesi ya mgodi wa Rocky Hill, karibu na mji mdogo wa Gloucester, mgodi ambao ungetoa tani milioni 21 za makaa ya chuma. Februari 2019 jaji Brian Preston wa mahakama ya ardhi na mazingira ya New South Wales, jimbo letu hili, aliukataa. Alisema ungekuwa mahali pasipofaa, kwa jinsi ungeharibu bonde lile na maisha ya watu wake, na ungekuja wakati usiofaa, dunia ikihitaji kupunguza gesi haraka. Hoja ya "watauza wengine" hakuikubali, maana hakuna aliyemthibitishia kwamba kweli mgodi mwingine ungechukua nafasi. Someni hukumu hiyo. Ni ndefu, lakini imeandikwa kwa lugha inayoeleweka, na waliosimama mahakamani upande wa mji walikuwa wakazi wa kawaida wa Gloucester wakiwa na mawakili wa mazingira, na mwanasayansi Will Steffen akitoa ushahidi. Julai 2025 mahakama ya rufani ya jimbo hilo ikaenda mbele zaidi kwenye kesi ya mgodi wa Mount Pleasant, ulio karibu na Muswellbrook: waamuzi wa vibali walipaswa kupima madhara ambayo gesi zote za makaa yale, hata yanayochomwa ng'ambo, zitayaleta hapa kwenye eneo lenyewe. Kesi hiyo pia ilifunguliwa na kikundi cha wakazi.

Ushindi wa namna hiyo unaanzia mezani, kwenye makaratasi. Tathmini ya athari kwa mazingira ya mgodi mmoja inaweza kuwa na maelfu ya kurasa, na hakuna anayetarajia uzisome zote. Tafuta sura ya gesi. Ndani yake kuna jedwali lenye safu tatu: gesi zinazotoka mgodini penyewe, zile za umeme wanaonunua, na zile zitakazotoka mnunuzi akichoma. Weka kidole kwenye safu ya tatu. Itakuwa imezizidi zile mbili mara nyingi, na mara nyingi maelezo yake ni mafupi kuliko yote. Hapo ndipo pa kuuliza swali lako, ukitaja namba ya ukurasa.

Na usizidishe. Hapa Newcastle mabehewa ya makaa hupita bila kufunikwa, na nyumba zilizo kando ya reli ukipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha kinatoka cheusi. Nami nilikuwa nasema hadharani kwamba yote yale ni makaa. Utafiti wa vumbi la Hunter ya chini uliotolewa 2016 na mamlaka ya mazingira ya jimbo ulikuta wastani wa asilimia 10 ni makaa. Sehemu kubwa ilikuwa udongo. Mtu aliniletea ripoti hiyo mkononi, mbele ya watu. Sehemu moja ya kumi kwenye mapafu ya mtoto inatosha kulalamikia, tena inatosha kabisa. Lakini tangu siku ile kila nilichosema mtaani kwake kilitiliwa shaka, hata kile kilichokuwa kweli.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2019 msafara wa magari ukiongozwa na Bob Brown, kiongozi wa zamani wa chama cha Greens, ulitoka Tasmania hadi Clermont, Queensland, kupinga mgodi wa Carmichael wa kampuni ya Adani. Walikuwa watu wa nia njema, na kuhusu hewa walikuwa na haki. Lakini kwa watu wa Clermont walikuwa wageni waliokuja kwa gari mwendo wa siku nyingi kuwaambia kazi zao ni dhambi, na walipokelewa hivyo. Wiki chache baadaye, mwezi wa Mei, ulifanyika uchaguzi mkuu ambao chama cha Labor kilitarajiwa kushinda, kikashindwa, na kura zake kwenye maeneo ya makaa ya Queensland ziliporomoka. Hata hapa kwetu, kwenye kiti cha Hunter ambacho Labor imekishika tangu 1910, zaidi ya kura moja kati ya tano zilimwendea mgombea wa One Nation, chama cha mrengo wa kulia. Sisemi msafara peke yake ndio ulioyaleta hayo. Nasema kwamba tuliwapa waliotaka kutugombanisha picha waliyokuwa wakiitafuta, na tumeilipia kwa miaka.

Kwa hiyo usiende mji wa makaa kuwahutubia. Nenda mara tatu bila bango kwanza. Ongea na watu wa chama cha wafanyakazi, na uwaulize kuhusu vumbi. Mwaka 2015 ugonjwa wa mapafu meusi, uliodhaniwa umetokomea nchini kwa takriban miaka 30, uligunduliwa tena kwa wachimbaji wa Queensland, na wachimbaji wenyewe ndio waliopambana hadi sheria za afya zikabadilishwa. Wanaijua kampuni inavyoficha jambo kuliko mimi na wewe.

Ongea nao kuhusu tarehe pia. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mama kwenye meza ya chai. Kituo cha umeme wa makaa cha Hazelwood, Victoria, kilitangazwa Novemba 2016 kwamba kitafungwa, na Machi 2017 kikafungwa. Miezi mitano. Watu wapatao 750 walikuwa wakifanya kazi pale, na bonde zima la Latrobe liliyumba. Liddell, kituo kingine kama hicho hapa Hunter, ilitangazwa 2015 na ikafungwa Aprili 2023. Tofauti ya miezi mitano na miaka minane ni tofauti ya mtu kufukuzwa na mtu kujipanga: kumaliza mkopo wa nyumba, kujifunza ufundi mwingine, mtoto kumaliza shule palepale. Kampeni inayosema tu "fungeni" inamwachia mwenye kampuni achague tarehe, naye atachagua siku inayomfaa yeye. Dai tarehe iliyotangazwa mapema, dai fedha za mafunzo, na dai mpango wa shimo litakalobaki. Kule Muswellbrook mgodi mmoja wa zamani ulifungwa 2022, na kuna mpango wa kulitumia shimo lake kuzalisha umeme wa maji yanayopandishwa mlimani na kushushwa. Mimi na yule mama bado tunakutana, na siku hizi mazungumzo yetu mengi ni ya mashimo.

Kuhusu benki nitasema kidogo. Presha juu ya wakopeshaji ilifanya kazi kwa Carmichael: mradi uliotangazwa kwa dola bilioni 16.5 na hadi tani milioni 60 kwa mwaka ulipunguzwa sana Novemba 2018, na kampuni ikalazimika kujilipia yenyewe. Hata hivyo mgodi ulijengwa na makaa yake yakaanza kusafirishwa mwishoni mwa 2021. Wakati huohuo watu wa Wangan na Jagalingou, wenye ardhi ile tangu enzi, walikuwa wamegawanyika kuhusu mgodi huo. Ukifika kwa wenyeji wa asili, kwanza uliza nani anazungumza kwa niaba ya nani, kisha nyamaza usikilize.

La mwisho ni la sheria, na nawaomba mlisome mara mbili. Tangu Aprili 2022, New South Wales inaweza kumtoza anayezuia bandari au barabara kuu faini ya hadi dola 22,000, au kumfunga hadi miaka 2. Desemba 2023 mahakama ilibatilisha sehemu ya sheria hiyo, katika kesi ya wanawake wawili wa Knitting Nannas, mabibi wanaofuma sufu za njano na nyeusi mbele ya malango ya migodi. Sehemu iliyobaki bado inauma. Novemba 2023, mamia walipoingia na kayaki kwenye mlango wa bandari ya Newcastle, watu 109 waliobaki majini baada ya muda walioruhusiwa na polisi kwisha walikamatwa, mmoja wao mchungaji wa miaka 97. Mwaka uliofuata walikamatwa 170.

Kama uko hapa kwa viza, usiingie majini baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Sheria ya uhamiaji ina kipimo cha mwenendo, na hukumu ya jinai inaweza kukuharibia viza hata kama hakimu alikuhurumia. Asikushinikize mtu, na wala usione haya. Muulize wakili kabla, si baada. Pale ufukweni kuna kazi ambayo bila yake wa majini hawawezi kitu: kuhesabu maboya ya kujiokolea, kupika, kukausha nguo, na kukaa kwenye meza ya kumbukumbu. Mimi nimekaa meza hiyo. Kila anayekamatwa unaandika jina, saa, rangi ya kayaki na kituo anachopelekwa, kisha unampigia nduguye simu. Njoo na penseli, kwa sababu karatasi zitalowa na kalamu ya wino itagoma.