Nenda Kapime Mlango wa Kizazi Ukiwa Huumwi Popote

Mama mdogo wangu alikuwa anauza viazi Uyole, Mbeya. Alianza kuona damu kidogo kila baada ya kukutana na mumewe, akasema ni umri. Ukafuata uchafu wenye harufu. Kwenye zahanati moja alipewa dawa za UTI mara tatu, na mara zote tatu hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Kiuno kilipomkaza hata kuinama hawezi, ndipo tukapewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kila basi lilipopanda tuta alinishika mkono. Tulimzika mwaka uliofuata.

Baada ya msiba nilikaa na woga miaka miwili bila kufanya chochote. Siku moja nimempeleka mwanangu chanjo, nikajikuta namuuliza nesi, "Hapa mnapima saratani ya mlango wa kizazi?" Akasema, "Tunapima, hata sasa hivi." Nilikuwa na miaka 34. Watoto watatu nimewabeba kwenye kituo kile, na sikuwahi kuambiwa. Ndiyo maana nakwambia dada yangu, usingoje kuitwa. Ukienda kliniki ya mtoto, ukienda uzazi wa mpango, uliza. Kama pale hawapimi, waulize ni kituo gani wanapima na siku gani. Ukiwa na miaka 30 hadi 50, pima kila baada ya miaka mitatu.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Unavua nguo ya ndani, unajifunga khanga yako, unalala chali. Nesi anaingiza kifaa cha kufungulia uke, anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, anasubiri kama dakika moja. Penye mabadiliko panageuka peupe. Nilisikia ubaridi wa chuma, na asubuhi za Juni huku kwetu mnazijua, ila maumivu hakuna. Majibu ni hapo hapo, na sikudaiwa hela. Usiende ukiwa kwenye siku zako, na ukiona haya mbele ya mhudumu wa kiume, omba wa kike, si kosa.

Mimi walikuta weupe. Nilianza kulia pale kitandani, nikimwona mama mdogo. Nesi akavuta kiti, akanieleza taratibu kwamba hii bado si saratani, ni seli zilizoanza kubadilika, na mara nyingi huchukua miaka mingi, hata 15 au 20, kufikia kuwa saratani. Wakazichoma kwa joto siku ile ile. Nilisikia tumbo linakaza kama la hedhi, likaachia.

Kazi ilikuwa nyumbani. Unaambiwa wiki nne bila tendo la ndoa ili kidonda kipone, na majimaji yanatoka siku nyingi. Mume wangu akauliza swali ambalo wanawake wengi wanaliogopa kuliko ugonjwa: "Nani kakuambukiza?" Sikubishana naye. Kesho yake nilimwomba twende wote kituoni. Nesi akamwambia kwamba kirusi kinacholeta mabadiliko haya, HPV, karibu kila mtu anayejamiiana hukipata wakati fulani. Wengi mwili hukiondoa wenyewe, wengine hukaa nacho miaka bila dalili, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kilitoka kwa nani wala lini. Mume wangu alinyamaza njia nzima. Usiku akanichemshia maji ya kuoga. Kama mume wako ni mgumu, mpeleke akasikie kwa mtaalamu, usibebe mazungumzo hayo peke yako.

Neno kwa wenzangu mnaochukua dawa CTC, kliniki ya wenye VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hii mara sita zaidi. Ninyi mnapaswa kupima kila mwaka, hata kama hujafika miaka 30. Mkumbushe mhudumu asipokukumbusha.

Binti zenu wapeni chanjo ya HPV. Nchi nzima imekuwa ikitolewa tangu 2018, na sasa ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi, maneno hayo ya mtaani yaacheni. Akikua atapima kama wengine, kwa sababu chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Na mama zetu waliokwisha koma hedhi: damu ikirudi, hata tone, si ujana unarudi. Mpeleke kituoni wiki hiyo hiyo, na akiandikiwa vidonge kabla hajaangaliwa, sema, "Naomba aangaliwe kwanza." Mimi sikujua kwamba nina haki ya kuyasema maneno hayo wakati mama mdogo anaugua.