Mnaoniuliza Japani kukoje, majibu yenu haya hapa

Tangu nije Kyoto kwa mwaka wa kubadilishana wanafunzi, meseji za nyumbani ni zile zile. Wadogo zangu wanauliza njia ya kuja. Wajomba wanauliza bei ya Noah. Shangazi mmoja, Mungu amweke, anauliza kama Wajapani wanaoa. Na kadi za michango ya harusi zinaingia kwenye simu yangu kana kwamba nimehamia Benki Kuu. Nimeona niwajibu wote kwa mpigo, bila kupaka rangi.

Tuanze na pesa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Sisi tunaokuja kwa makubaliano ya chuo na chuo, baadhi hupata posho ya JASSO, taasisi ya Japani inayohudumia wanafunzi: yeni 80,000 kwa mwezi. Ada hulipi huku, unaendelea kulipa chuoni kwako. Ukigeuza kuwa shilingi inavuka milioni, na najua mjomba ameshapiga hesabu. Sasa apige na upande wa pili. Chumba cha hosteli kinaondoka na zaidi ya robo ya hiyo posho, na hapo nimebahatika, maana waliopanga mtaani wanadaiwa amana, mdhamini, na wakati mwingine zawadi ya mwenye nyumba isiyorudi. Bima ya afya ni lazima. Kwa mwanafunzi asiye na kipato ni kama yeni 2,000 kwa mwezi, nayo inakuachia ulipe asilimia 30 tu ukiugua. Hiyo bima siisemi vibaya hata kidogo. Kinachobaki ni simu, umeme na tumbo. Na tumbo limepanda bei: mwaka 2025 mchele wa kilo tano ulivuka yeni 4,000, karibu mara mbili ya ulivyokuwa mwaka mmoja kabla, hadi Wajapani wenyewe wakawa wanalalamika kwenye foleni. Mjapani kulalamika kwenye foleni si jambo dogo.

Wenye nafuu kidogo ni wale wa MEXT, ufadhili wa wizara ya elimu, ambao kwa shahada ya uzamili hupata kama yeni 144,000. Ndio mnaowaona kwenye picha za Disneyland.

Kwa hiyo ndiyo, nabeba boksi. Kibali cha kazi kinagongwa nyuma ya kadi ya ukaazi: saa 28 kwa wiki, basi, likizo ndefu wanakuruhusu hadi saa nane kwa siku. Ukizidisha, siku ya kuongeza viza utajieleza. Mimi niko kiwanda cha vyakula, vile vya kwenye visanduku vinavyouzwa kwenye maduka ya saa 24. Kabla ya kuingia unavaa ovaroli jeupe, kofia ya kitambaa inayoshuka hadi mabegani (hijabu yangu inakaa chini yake bila ugomvi na mtu), barakoa na buti. Mwenzako anakupitishia rola yenye gundi mgongoni kunasa unywele. Unanawa hadi viwiko huku saa ya ukutani inakuhesabia. Kisha mkanda unaanza kutembea, masanduku ya wali yanakuja, na kila mtu ana kitu kimoja tu cha kuweka. Mimi ni karoti. Vipande viwili, kona ya kushoto, upande wenye rangi juu. Mama wa Kinepali kulia kwangu ni yai. Baada yake kuna kijana wa Kivietnamu, yeye ni kifuniko. Hapo hakuna anayekuuliza Kijapani chako kimefika wapi, na ndiyo sababu tumejaa wageni watupu. Malipo ni zaidi kidogo ya yeni 1,000 kwa saa. Ninyi mkichangisha laki mbili za harusi, hizo ni karoti nyingi sana.

Natoka usiku wa manane kasoro kidogo, napanda baiskeli yangu, nakatiza mtaa baada ya mtaa peke yangu hadi hosteli. Sijawahi kugeuza shingo kuangalia nyuma. Dada zangu mnaosoma hapa mnajua thamani ya hilo, na kama kuna kitu kimoja nitakililia nikirudi, ni hicho.

Gari. Wajomba, mimi sina gari, sina leseni, na wanafunzi wote ninaowajua wana baiskeli. Lakini nimeelewa kwa nini magari mnayoyagombania hapo Dar yanatoka hapa yakiwa mazima. Gari jipya linapelekwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe pamoja na kodi zake ni gharama. Kwenye miji ni lazima pia uonyeshe una mahali pa kuliegesha ndipo ulisajili. Mtu akiona ukaguzi unakaribia, anaona heri auze. Linakwenda mnadani, mnunuzi wa kusafirisha nje analichukua, nanyi mnalipokea bandarini. Minada hiyo ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa, mimi mlangoni tu sipiti. Na ushuru wa TRA ni shauri lenu.

Shangazi: wanaoa. Lakini kabla Mjapani hajakuambia neno la maana, atakuwa ameshakuambia mambo ya hali ya hewa kwa miezi mingi, na mimi mkataba wangu ni wa mwaka.

Sasa hili ndilo ambalo picha hazilionyeshi. Japani kila kitu kimeshaandikwa mahali, kwa hiyo hakuna anayehitaji kumuuliza mtu. Chukueni taka. Kyoto taka za kuchoma zinawekwa kwenye mfuko wa njano wa manispaa, unaununua dukani. Chupa na makopo mfuko unaoonyesha ndani, plastiki mfuko mwingine, kila moja na siku yake, na mfuko unatolewa asubuhi ya siku ile ile, chini ya wavu, kwa sababu kunguru wa huku wana akili za kuogopesha. Ukikosea, mfuko wako unaachwa pale pale umebandikwa karatasi inayosema kosa. Hakuna jirani wa kugonga mlango akakugombeza. Karatasi inakugombeza, na jirani anapita anakuinamia kichwa kwa adabu zote.

Usafiri hivyo hivyo. Tanga ukitaka daladala ya mtaa usioujua lazima uulize, na ukishauliza umepata mtu: atakuonyesha, atakudadisi, atakuambia mwanawe naye yuko chuo. Huku simu inakuambia jukwaa, dakika, hata behewa la kupanda ili ushuke karibu na ngazi. Unafika popote bila kufungua mdomo. Ndani ya treni kimya. Kupokea simu ni aibu. Mwanzoni nilifurahi mno, nikasema hatimaye nchi isiyonichosha. Halafu unafika mwisho wa wiki unagundua sauti yako umeitumia kumwambia muuza duka kwamba mfuko huhitaji. Na sasa wameleta mashine za kujilipia, hata hilo nalo limeondoka.

Na kiti. Treni imejaa, watu wamesimama, kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Mara nyingi tu. Wenyeji wenye moyo mzuri wanasema ni haya, watu wanaogopa utawasemesha Kiingereza. Huenda. Mimi siku hizi naweka begi pale hadi atokee mzee wa kulihitaji. Wengine wana habari mbaya zaidi: nyumba waliyokataliwa kwa simu mara wakala aliposema mteja ni mgeni, au polisi kukusimamisha kuona kama baiskeli ni yako. Kadi ya ukaazi ni sheria uwe nayo kila utokapo, kwa hiyo tembeeni nayo mkija.

Marafiki wapo, msidhani nalia. Niliwapata kwenye klabu ya chuo ya ngoma, maana huku klabu ndiyo mlango. Asiye na klabu hana watu. Lakini kuonana kunapangwa wiki mbili kabla, kwa saa na dakika. Hodi ya ghafla haipo. Wakikukubali, hata hivyo, hawakuachi: nilipougua mafua makali, nilikuta mlangoni nimetundikiwa mfuko wa dawa na machungwa. Umetundikwa tu. Aliyeleta hakugonga.

Chakula kinawezekana. Herufi ya kwanza ya kanji, yale maandishi yenye asili ya Kichina, niliyoijua vizuri ni ya nguruwe, kwa kuisaka nyuma ya pakiti, na yumo hata usipomtegemea: mkate, supu ya unga, biskuti. Kuku halali wa barafu kutoka Brazili wanapatikana kwenye maduka ya Wapakistani, unga wa mahindi unaagizwa mtandaoni, na komatsuna, mboga ya majani ya huku, ukiikaanga na kitunguu inakudanganya kuwa ni mchicha. Jioni supamaketi inabandika stika za nusu bei. Hapo ndipo utatukuta wanafunzi wote, tumejifanya tunachagua nyanya. Msikiti upo Kyoto, na ule wa Kobe, wa mwaka 1935, uliotangulia yote nchini, ni safari fupi ya treni. Kilichonivuruga ni jua. Juni linachomoza saa kumi na moja kasorobo alfajiri, Desemba linazama saa kumi na moja kasorobo jioni. Sisi tuliozoea magharibi kutohama sana, huku inabidi uangalie saa za sala kwenye simu. Na baridi ya Kyoto iko ndani ya nyumba kuliko nje, kwa sababu kuta ni nyembamba na mashine ya joto inapasha chumba ulichomo tu. Ukienda chooni usiku unavaa koti.

Wadogo zangu mnaotaka kuja: huu mpango wangu hauombwi Japani, unaombwa chuoni kwenu, ofisi ya ushirikiano wa kimataifa, na wanaangalia alama kwanza. MEXT inaombwa pia kupitia ubalozi wa Japani Dar. Jifunzeni hiragana na katakana kabla ya kupanda ndege, ni herufi 46 na 46, mwezi unatosha. Kwenye begi wekeni viungo vya pilau, rasta za kutosha mwaka mzima, mafuta ya nywele, soksi nzito. Nyama acheni, hata iliyokaushwa. Uwanja wa ndege wa Kansai wana mbwa wa kunusa mabegi.