Kwa nini hitilafu ndogo huweza kuangusha mtandao mzima

Umeuliza inawezekanaje hitilafu moja ndogo iangushe mfumo mkubwa ilhali kila kipande chake kimejengwa imara. Tabia ya mfumo changamani, yaani mfumo wa vipande vingi vinavyotegemeana, haimo ndani ya kipande kimoja kimoja, bali hutokana na namna vipande vinavyoathiriana, na ndiyo maana wanasayansi wa mitandao huanza kwa kuuchora mfumo kama nukta (vipande vyenyewe) na viunganishi (mahusiano kati ya vipande hivyo).

Tazama kukatika kwa umeme Marekani na Kanada tarehe 14 Agosti 2003. Katika jimbo la Ohio, nyaya za msongo mkubwa zilipata joto kwa mzigo, zikalegea, zikagusa miti na kujizima. Umeme uliokuwa ukipita humo ukahamia njia nyingine, nazo zikazidiwa, huku programu ya kutoa tahadhari katika chumba cha udhibiti ikiwa imekwama, hata waendeshaji wasijue kinachotokea. Watu wapatao milioni 50 walikosa umeme.

Kwangu mimi, hapa ndipo somo hili linapopata uzito wake, kwa kuwa viunganishi vilevile ambavyo siku za kawaida huwezesha eneo moja kuliokoa jingine ndivyo vilivyopitisha madhara.

Ukitaka kulisoma, anza na nadharia ya grafu, tawi la hisabati linalochunguza nukta na viunganishi, ambayo chimbuko lake ni jibu la mwanahisabati Leonhard Euler la mwaka 1736 kuhusu iwapo mtu angeweza kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu, kisha uende kwenye mitandao ambamo nukta chache hubeba viunganishi vingi mno.