Utafiti hautibu kwa nusu dozi

Kazi yangu ni kupanga safari za malori. Jioni nafundisha timu ya soka ya vijana, na siku za mapumziko nipo shambani. Ndiyo maana nasoma tafiti za aina tatu ambazo kwa kawaida hazikai meza moja. Kote huko naona tabia ileile: mtu anasikia jambo fulani limethibitishwa, anachukua kipande chepesi, kile kigumu anakiacha, na msimu ukiisha anasema sayansi ni maneno ya vitabuni. Hana tofauti na mgonjwa aliyemeza nusu ya dozi kisha akamlaumu daktari.

Nianze na soka, maana huko nusu dozi imepimwa kabisa.

Kuna mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa FIFA 11+. Ni kama dakika 20: unaanza kwa kukimbia taratibu, unafuata mazoezi ya nguvu, ya kuruka na ya kujisawazisha kwa mguu mmoja, unamalizia kwa mbio za kasi. Mwaka 2008 watafiti wa Norwei walichapisha jaribio la wachezaji wa kike 1,892 wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Vilabu viligawanywa kwa kura, vingine vikafanya mazoezi hayo na vingine vikaendelea na desturi yao. Kwa majeraha ya miguu peke yake, tofauti haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu. Lakini majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi, na yale makubwa kwa karibu nusu.

Hiyo ndiyo habari iliyosambaa. Uchambuzi uliofuata haukusambaa sana, nao kwangu ndio wenye faida zaidi: watafiti walirudi wakawatazama wachezaji kulingana na walivyoyafanya mazoezi hayo. Waliofanya mara nyingi waliumia pungufu kwa zaidi ya theluthi kuliko waliofanya kwa wastani. Na hawa wa wastani hawakuwa wavivu. Walikuwa timu za kawaida, na walimu wa kawaida wenye haraka ya kufika kwenye mpira.

Kwa hiyo ukitaka kuyatumia, usiyaweke kabla ya mazoezi. Yaweke ndani ya mazoezi. Ukisema "njooni mapema tupashe moto", wanaochelewa ni walewale kila siku, na mara nyingi ndio wanaoumia. Mimi muda wa kuanza ni mmoja, na dakika hizo 20 ndizo kazi ya kwanza. Nahodha anaongoza, mimi nazunguka nikitazama magoti. Mtu akiruka akatua na goti limeingia ndani, namsimamisha na kumrudisha. Bila marekebisho hayo, zoezi la kuruka linabaki kuwa kuruka tu.

Zoezi jingine ni la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu. Unashuka mbele polepole, unajizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka mikono ipokee chini. Linaitwa Nordic. Katika jaribio la Denmaki lililochapishwa mwaka 2011, lenye wachezaji wanaume 942, kundi lililolifanya lilipata majeraha 15 ya misuli hiyo, na kundi la kulinganishia likapata 52. Ungedhani baada ya hapo kila klabu kubwa ingelishika kwa mikono miwili. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa vilabu vya Ligi ya Mabingwa Ulaya na vya ligi kuu ya Norwei, na ikaonekana vingi havikuwa vikilifanya kama lilivyopimwa. Sababu moja naijua kutoka uwanjani: linauma. Siku mbili baada ya mara ya kwanza mchezaji anashuka ngazi kinyumenyume. Ndiyo maana ratiba ya wale wa Denmaki ilianza na siku moja tu kwa wiki, seti mbili za mara tano, ikapanda kidogokidogo hadi wiki ya 10. Mwalimu anayeanza na seti tatu za mara kumi kwa sababu ameona video atapoteza wachezaji wake wiki ya pili, na zoezi litapata jina baya.

Kuna pia utafiti unaokuambia uache kitu, na huo ndio rahisi kuliko wote kuutumia. Mwaka 2000 huko Australia, askari wapya 1,538 waligawanywa makundi mawili. Wote walipasha moto, ila kundi moja liliongeza kunyoosha misuli ya miguu kwa utulivu kabla ya mazoezi. Majeraha hayakutofautiana. Sisemi kunyoosha kuna madhara, nasema kusiwe sababu ya kukosa muda wa mambo yanayosaidia. Maji nayo ni hivyohivyo. Wakimbiaji 488 wa mbio za Boston za mwaka 2002 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani madini ya chumvi, hasa waliokunywa mengi mpaka uzito ukaongezeka njiani. Kunywa ukiwa na kiu. Mchezaji anayemaliza mbio ndefu akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi.

Shambani tatizo linabadilika sura. Huko watu wako tayari kujaribu mambo mapya, wakati mwingine mno. Kinachokosekana ni cha kulinganishia.

Mtu anapanda mbegu mpya shamba zima, mvua inakuwa nzuri, anavuna vizuri, anaisifu mbegu. Mwaka unaofuata mvua inagoma, anaitukana. Kote kuwili hajui lolote kuhusu mbegu hiyo. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, jaribio la ngano la shamba la Broadbalk lilianza mwaka 1843 na bado linaendelea, na siku zote kuna kipande kisichopewa mbolea wala samadi. Kipande hicho cha njaa ndicho kinachovipa maana vipande vingine vyote. Ronald Fisher alipofika hapo mwaka 1919 kuchambua takwimu, aliongeza jambo ambalo mkulima yeyote anaweza kulifanya kwa kutupa sarafu: usichague wewe wapi pa kuweka kipya na wapi pa kuacha cha zamani, acha kura ichague, na urudie vipande mara kadhaa.

Sababu ya kura ni sisi wenyewe. Ukiwa na mbegu unayoitegemea, mkono utaipeleka kwenye udongo mweusi karibu na bonde bila hata wewe kujua. Nimeona "maajabu" ya mbegu yaliyokuwa maajabu ya bonde.

Ninavyofanya: nagawa eneo la majaribio kuwa mistari mipana inayofuata mteremko, ili kila mstari upate sehemu ya juu na ya chini. Natupa sarafu kwa kila jozi. Kipya upande mmoja, cha kawaida upande wa pili, na vingine vyote vilingane: siku ya kupanda, nafasi, palizi. Wakati wa kuvuna mimea ya pembeni naiacha nje ya hesabu, kwa sababu inapata mwanga na nafasi kuliko ya katikati na inadanganya. Napima uzito kutoka urefu uleule wa mistari, nafaka ikiwa imekauka sawasawa. Kupima moja mbichi na nyingine kavu ni kupima maji. Kila jozi inapata mstari wake kwenye daftari. Jozi nne kati ya nne zikielekea upande mmoja, nasikiliza. Zikigawana mbili kwa mbili, sina jibu, na kutokuwa na jibu nako naandika.

Nusu dozi ya shambani ninayoiona mara nyingi ni ya mbolea ya kukuzia. Kipimo kinafuatwa, lakini urea inamwagwa juu ya udongo siku ya jua na kuachwa hapo. Sehemu ya naitrojeni inageuka amonia na kupaa hewani. Majaribio yanayotoa zile kilo za kwenye vipeperushi mara nyingi yalifukia mbolea au yaliiweka mvua ikiwa karibu. Kiasi ni kilekile, kazi ni tofauti, kisha udongo ndio unaosingiziwa.

Nyingine ni ya mbinu ya kusukuma na kuvuta iliyobuniwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, pamoja na Rothamsted. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, inawafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, na mizizi yake inazuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Pembezoni unazungushia mistari mitatu ya majani ya tembo, ambayo nondo wanayapenda zaidi kutagia mayai, lakini viwavi wengi hawakui humo. Watu hupenda majani ya tembo kwa sababu ni malisho, wakaruka desmodiamu kwa sababu inakawia kushika msimu wa kwanza. Hapo umebaki na kuvuta bila kusukuma, na kiduha hakina wa kukizuia.

Barabarani kulinganisha ni kugumu zaidi, maana ajali ni chache kwa kila sehemu na hatuwezi kuamua kwa sarafu nani avae mkanda. Hapo kuna mtego mmoja ambao ningependa kila msimamizi wa usafiri aujue. Kona ikipata ajali nyingi mwaka mmoja, watu wanaweka kibao, mwaka unaofuata ajali zinapungua, kibao kinapewa sifa. Lakini mwaka mbaya kupita kawaida kwa kawaida hufuatwa na mwaka usio mbaya hivyo, hata usipoweka chochote. Madereva nao ni hivyohivyo: yule uliyemkaripia baada ya mwezi wake mbaya angeelekea kuwa nafuu mwezi unaofuata hata usingefungua mdomo. Nikibadilisha utaratibu, siuanzishi kwa magari yote kwa wakati mmoja. Nusu wanaanza, nusu wanasubiri, na nusu hizo hazichaguliwi kwa tabia.

Mfano bora wa jambo hilo umetoka Kenya. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika stika ndani ya matatu zinazowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo, na magari ya kubandikwa yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011, madai ya bima yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilipata punguzo la kati ya asilimia 25 na 33, ambalo bado ni kubwa mno kwa kipande cha karatasi. Wanaoiga hukumbuka stika. Husahau kwamba kulikuwa na bahati nasibu ya zawadi kwa madereva ambao stika zao zilikutwa bado ziko mahali pake. Stika iliyobanduliwa haimsemeshi abiria.

Kofia za pikipiki sina haja ya kuzieleza sana. Muhtasari wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kwamba zinapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hiyo ni ya kofia iliyo kichwani wakati wa kugonga. Funga mkanda wa kidevuni.

Mwendo una hesabu inayofanyika mezani kabla lori halijawashwa. Safari ya kilomita 200 kwa 80 kwa saa ni dakika 150. Kwa 90 ni dakika 133. Umeokoa dakika 17, lakini nishati ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimeza imepanda kwa zaidi ya robo. Dakika hizo karibu kila mara zimepotea kwenye upakiaji, na huko ndiko ninakozitafuta.

Ila kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu, lingekuwa namna ya kuhesabu uchovu. Sehemu nyingi huhesabu saa za usukani. Utafiti wa Dawson na Reid wa mwaka 1997 ulihesabu saa za kuwa macho: mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa chukua dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akashinda akisubiri mzigo mpaka saa kumi jioni, kisha akashika usukani. Kwenye fomu, ikifika saa nne usiku ameendesha saa sita tu. Kwenye mwili ni saa 17.

Redio na dirisha wazi vilijaribiwa na watafiti Reyner na Horne kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji, na msaada wake ulikuwa mdogo na wa muda mfupi. Kilichosaidia zaidi katika majaribio yao ni kahawa ikifuatiwa na usingizi mfupi usiozidi dakika 15, kwa sababu kafeini huchukua kama nusu saa kuanza kazi na usingizi unajaza pengo hilo. Nawafundisha madereva hivyo, kwa mpangilio huo: simama mahali salama, kunywa, lala, kisha endelea. Lakini hiyo inamfikisha kituo kinachofuata, haimalizii usiku.

Kwa hiyo fomu yetu ina swali la kwanza kabla ya namba ya gari: umeamka saa ngapi leo? Jibu likionyesha kwamba saa 17 zitaisha akiwa njiani, safari inasogezwa hadi asubuhi au inapata dereva wa pili, na mteja anapigiwa simu kabla mzigo haujapanda.