Kona ya Fundi: kiti kinachocheza, mlango unaotaka kuwa meza, na zulia lililoota kitambi

Barua za safari hii nimezisoma nikiwa nimekalia kiti kilekile nitakachokisimulia hapa chini. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mshonaji, si seremala wa kusomea. Useremala niliuingia kwa mlango wa uani, siku kiti cha cherehani kiliponibwaga mbele ya mteja aliyekuja kujaribu gauni. Tangu hapo, kila kitu kinachoingia nyumbani mwangu nakipindua miguu juu kabla sijakiamini.

SWALI: Shikamoo mama. Nina viti vinne vya mbao, na viwili vinacheza miguuni. Kimoja nimekitia gundi ya mbao mara tatu. Kila nikikitia kinashika kama wiki mbili, kisha yaleyale. Mume wangu anasema tupige misumari mambo yaishe. Unashaurije?
Mwenye viti viwili vizima

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ificheni nyundo.

Gundi nyeupe ya mbao haiushiki ubao kwa juu juu. Huingia kwenye vinyweleo vyake na kukaukia humo ndani. Ukishaitia mara moja, vinyweleo vimeziba. Gundi ya pili haikuti mbao tena, inakuta gundi; ya tatu inakuta gundi mbili. Kinachoachia kila baada ya wiki mbili ni hayo matabaka, yanabanduka kama rangi ya ukuta uliopigwa unyevu. Mimi changu nilikitia mara nne, kwa hiyo wewe una akili kunishinda.

Dawa ni kukifungua. Vuta mguu utoke kabisa, na kabla hujauweka chini andika namba kwa penseli, mguu na tundu lake. Miguu ya kiti inafanana kama mapacha lakini kila mmoja una tundu lake, na ukiichanganya utajuta. Kisha kwangua gundi kavu kwenye ulimi wa mguu, ile ncha inayoingia tunduni, kwa kisu butu. Ile isiyobanduka, ipake siki ya uvuguvugu kwa brashi, uisubiri ilainike, halafu uifute kwa kitambaa kibichi. Rudia. Ndani ya tundu tumia mswaki wa zamani. Hapa ndipo watu wengi huchoka na kusema “imetosha”. Usijidanganye: acha pakauke mpaka kesho, kisha dondosha tone moja la maji. Likinywewa, hiyo ni mbao. Likisimama kama shanga, hapo pana gundi bado, rudi kwenye siki.

Jaribu kukiunganisha kikavu kabla ya gundi. Kama ulimi unapwaya, usiuzungushie karatasi wala uzi. Chukua randa jembamba la mbao, lile linalojikunja kama ukucha chini ya meza ya seremala, ulibandike kwa gundi kuuzunguka ulimi, likauke, kisha ulipunguze kwa msasa namba 120 mpaka ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo, umeuacha mnene mno. Ukiingia wenyewe, umeupunguza mno.

Sasa tia gundi pande zote mbili, ulimi na tundu, na ukibane. Vibanio vya dukani huna, na mimi sina. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, uikate iwe utepe mrefu wa upana wa vidole viwili, uizungushe kwenye miguu yote minne huku ukiivuta kwa nguvu, raundi tano au sita, kisha uchomeke ncha chini ya raundi ya mwisho. Mpira ule unabana kutoka kila upande kwa pamoja, tena hauachi alama kwenye vanishi. Kamba na kijiti cha kusokotea navyo vinafaa, ila tia vipande vya boksi kwenye kona kamba isije ikakata mbao. Kabla gundi haijashika, kisimamishe kiti pahali palipo sawa, uhakikishe miguu yote minne imegusa chini. Hatua hii mimi niliisahau, na ndiyo maana kiti changu hadi leo kina boksi la kiberiti chini ya mguu mmoja. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi, halafu asikikalie mtu kwa saa 24.

Na misumari? Mbao hunywa unyevu na kuutoa, inavimba na kusinyaa. Msumari hauvimbi wala hausinyai. Tundu lake linazidi kupanuka, na mara nyingi ulimi wenyewe unapasuka. Kiti cha gundi kikiachia hutengenezeka, lakini cha misumari nimekwisha kukiona mara nyingi, huishia jikoni kama kuni.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimepata mlango wa ndani wa chumba, umetupwa lakini hauna ufa. Nataka niufanye meza ya kusomea. Nimeufungia miguu minne kwa skrubu, na miwili imeng'oka siku ileile, ikabaki na matundu. Tatizo ni skrubu fupi?

JIBU: Tatizo si skrubu. Ugonge mlango wako kwa vifundo vya vidole katikati, halafu ugonge ukingoni. Naamini katikati utalia kama ngoma. Milango mingi ya ndani si ubao mzima: ni karatasi mbili za plaiwudi au hadibodi nyembamba, na katikati yake kuna karatasi ngumu iliyopangwa kama sega la nyuki. Mbao halisi iko kwenye fremu ya pembeni, upana wa vidole viwili vitatu tu, na kipande pale penye kitasa. Skrubu yako ilikuwa inashika karatasi.

Kwa hiyo usiufungie miguu. Ulaze juu ya kitu: makabati mawili mafupi, mafungu mawili ya droo zilizokosa kabati, au fremu ya mbao za chaga za kitanda kilichovunjika. Ukiamua fremu, skrubu ziingie ukingoni kwenye mbao halisi. Urefu kutoka sakafuni uwe kati ya sentimita 72 na 75 kama kiti chako ni cha kawaida. Pima kabla ya kukata, maana unene wa mlango nao umo katika hesabu na watu huusahau. Tundu la kitasa usilizibe. Pitishia nyaya za taa na chaja. Yale matundu mawili ya skrubu yageuze yaangalie chini, hakuna atakayeuliza.

Jambo moja ambalo sitanii nalo: kama rangi ya mlango ni ya zamani sana, tabaka juu ya tabaka, usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978, na milango huishi kuliko sheria. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ioshe tu, ipake rangi mpya juu yake, na kama kuna inayobanduka, wewe usiiguse.

SWALI: Nina paleti tatu, zile chaga za kupangia mizigo. Naweza kuzitengenezea kitanda cha mtoto?

JIBU: Tafuta mhuri uliochomwa ubavuni, wenye picha ya suke la ngano na herufi IPPC. Ukiona HT, mbao ilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, basi. Hiyo ingiza ndani. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya kuulia wadudu. Hiyo iache ilipo, wala usiichome. Isiyo na mhuri kabisa, au yenye doa la mafuta au harufu usiyoijua, mimi nisingemlazia mtoto. Misumari ya paleti imesokotwa kama parafujo, ukiing'oa kwa nguvu ubao unapasuka. Pitisha jino la msumeno wa chuma katikati ya mbao mbili, uikate humohumo.

SWALI: Mume wangu ameleta tairi la gari, anataka kulizungushia kamba ya katani liwe kiti cha sebuleni. Nimuache?

JIBU: Muache afanyie nje barazani, chini ya paa. Ndani mpira unatoa harufu kukiwa na joto, na unaweza kuacha doa jeusi kwenye sakafu ya plastiki lisilotoka. Atoboe matundu manne upande wa chini, maana maji yakituama humo mtafuga mbu. Kamba aianzie katikati ya kifuniko cha plaiwudi, akiizungusha kwenda nje, gundi kidogo kidogo. Kazi ya siku nzima, na vidole vitauma. Labda ndiyo sababu amekuletea wewe.

SWALI: Dada, nimesuka zulia la matambara kutoka mashuka ya zamani na suruali za jinsi. Lilianza vizuri, lakini sasa limevimba katikati kama kofia, halikai chini. Nilipige pasi?

JIBU: Pasi haitalisaidia. Zulia lako limeota kitambi kwa sababu ukingo wake umenyimwa urefu.

Angalia hivi. Ukili wako ukiwa na upana wa sentimita 2, kila mzunguko mpya lazima uwe mrefu kuliko uliotangulia kwa sentimita 12 na nusu hivi. Haijalishi ni mzunguko wa tatu au wa thelathini, nyongeza ni ileile. Wewe ulipokuwa unashona ulivuta ukili wa nje ili mshono ukaze, ukaiba sentimita mbili hapa, tatu pale. Katikati kukakosa pa kwenda, kukapanda juu. Ungeulegeza mno ungepata kinyume chake, ukingo wenye mawimbi kama pindo la gauni la marinda.

Fumua kurudi nyuma mpaka pale zulia linapolala lenyewe. Najua inauma. Kisha shonea mezani, si mapajani. Mapaja yana mviringo, na zulia hufuata umbo la unaposhonea. Nadhani nusu ya kitambi chako kimetoka hapo. Kaza uzi, lakini ukili wa nje uwe unausukuma kidogo kuelekea kwenye sindano badala ya kuuvuta. Kila ukimaliza mzunguko, liweke sakafuni ulikanyage.

Halafu umechanganya shuka na jinsi. Si dhambi, ila unene ulingane: shuka likate upana wa sentimita 5, jinsi 3, ndipo ukili utoke sawa. Na jinsi mpya mpya zioshe kwanza mara mbili peke yake, la sivyo mashuka yako meupe yatageuka bluu.

Mikanda ya kiunoni ya hizo suruali usiitie kwenye ukili, ni minene na itavunja sindano. Mimi naigeuza mishikio ya droo. Kata sentimita 15, kunja katikati, toboa kwa msumari uliopashwa moto, kaza kwa skrubu moja na washa yake, ile pete bapa ya chuma. Ukiangukia kipande chenye kifungo cha chuma, kiache hapohapo kwa mbele.