Magemu ya FromSoftware: uanzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama lazima ucheze magemu ya FromSoftware kwa mpangilio wa miaka, hapana kabisa, maana stori nyingi hazitegemeani. Hawa jamaa wa Tokyo walianza 1986 wakitengeneza programu za maofisini, gemu yao ya kwanza King's Field ikaja 1994 kwenye PlayStation, halafu 1997 Armored Core ya maroboti. Hizo za zamani ziache kwanza, kontroli zake zitakuchosha bure.

Anza na Elden Ring ya 2022. Ukitoka tu nje mwanzoni utamkuta jamaa wa dhahabu juu ya farasi, usijitie ushujaa, mpite pembeni uende zako ukapate silaha na leveli (viwango vya nguvu za mhusika wako) ndo urudi kumalizana naye. Uhuru huo Dark Souls ya 2011 haina sana, ila ramani yake inavyojikunja na kuunganika, aisee, hiyo cheza ya pili. Bloodborne ni ya PS4 tu. Sekiro iweke mwisho, pale hakuna kujificha nyuma ya leveli, usipojua kukinga panga kwa taimingi unalo.